Kanuni ya miaka kumi: kwa nini gari-nyumba la zamani hukataliwa kambini Marekani

Chukua mfano wa muuguzi aliyehamia Marekani kutoka Kisumu au Mombasa. Amepata mkataba wa wiki 13 katika hospitali ya mji asioujua, tuseme huko Arizona. Kodi za nyumba ziko juu, na wenye nyumba wengi hawataki mpangaji wa miezi mitatu. Wenzake kazini wamemshauri anunue gari-nyumba lililotumika, aliegeshe kambini, na mkataba ukiisha aondoke nalo. Amepata la mwaka 2014, safi, halivuji, bei anaimudu. Anapiga simu kambi ya kwanza, na kabla hajaulizwa jina anaulizwa, "Gari lako ni la mwaka gani?" Anajibu. Anaambiwa pole, hapa hatupokei lililozidi miaka kumi.

Muuguzi huyo ni wa mfano tu, lakini swali aliloulizwa ni la kweli, na kila anayelikuta kwa mara ya kwanza hushtuka. Ndipo maneno yanapoanza. Huyu anasema Marekani imepiga marufuku magari ya zamani. Yule anasema ni ubaguzi wa wazi. Mwingine anadai kampuni za bima ndizo zinazolazimisha. Ukweli haupo kwa yeyote kati yao, ingawa kila mmoja ameshika kipande chake.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Gari-nyumba, ambalo Wamarekani huliita RV, ni chombo cha kusafiria na kulala humohumo. Lipo lenye injini yake, ukaliendesha kama basi dogo, na lipo la kuvutwa, yaani tela linalofungwa nyuma ya pikapu. Ndani utakuta kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Chini yake kuna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika kwenye sinki na bafu, na la choo. Hilo la tatu tutalirudia, maana limewagombanisha watu wengi.

Kambi nayo si hema porini. Ni eneo lililokatwa viwanja kama mtaa uliopimwa, na kila kiwanja kina nguzo ya umeme, bomba la maji, na mara nyingi tundu la kumwagia maji taka. Unaingia, unachomeka, unaishi. Malipo ni kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi. Ziko kambi za umma, zilizo chini ya hifadhi za taifa, majimbo, kaunti na idara za misitu. Ziko pia za watu binafsi na kampuni. Tofauti hiyo ishike vizuri.

Kanuni ya miaka kumi, basi, ni sharti la baadhi ya kambi binafsi kwamba gari-nyumba lililozidi miaka kumi tangu mwaka wake wa toleo halipokelewi, au hupokelewa baada ya kukaguliwa. Kambi nyingine huhesabu 15. Nyingi hazina sharti hilo kabisa. Utalikuta zaidi Florida, Arizona, kusini mwa Texas na California, kwenye kambi za hadhi ya hoteli, kule wastaafu wa kaskazini na wa Kanada wanakokimbilia kuota jua majira ya baridi yanapoingia.

Hakuna sheria ya nchi hapa

Sisi wa Afrika Mashariki tunaposikia "miaka kumi" na "gari" katika sentensi moja, akili inakimbilia bandarini. Kenya haipokei gari lililotumika likishazidi miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kwetu umri wa gari ni jambo la serikali, na ukilikosea gari linabaki bandarini. Ndiyo maana ndugu zetu wengi, wakiambiwa "gari limezidi miaka," hudhani wamevunja sheria.

Marekani haina sheria ya taifa inayosema gari la umri fulani lisitembee barabarani. Gari-nyumba la 1985 unalisajili, unalikatia bima, unalipeleka kutoka Maine hadi California, na hakuna wa kukuuliza umri wake mradi lina taa, breki na namba. Tena upande wa kuagiza magari kutoka nje mambo yako kinyume na kwetu: gari ambalo halikuundwa kwa viwango vya usalama vya Marekani, kama yale ya soko la Japani, huruhusiwa kuingia kwa urahisi likishafika miaka 25. Kule uzee unalifungulia gari mlango.

Kanuni ya kambi ni sharti la mwenye uwanja. Ni sawa na gesti inayobandika karatasi mlangoni kwamba haipokei mgeni baada ya saa sita usiku. Hujavunja sheria ya nchi ukifika saa saba, ila pale hulali. Na kama gesti ya pili haina karatasi hiyo, unalala ya pili.

Mwenye kambi anaogopa nini

Sababu inayotajwa kwanza ni sura ya mahali. Kambi inayotoza bei ya juu inauza mandhari: bwawa la kuogelea, minazi iliyopangwa mstari, magari yanayong'aa. Mgeni aliyelipa pesa nyingi hataki kuamka asubuhi akatazamana na gari lililochubuka rangi, paa limefunikwa turubai. Sababu hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwenye kambi za kifahari haifichwi. Kuna hata zinazopokea aina moja tu ya gari, lile kubwa lenye umbo la basi, na kulikataa tela hata kama limetoka kiwandani jana.

Ya pili ni uchakavu. Gari-nyumba ni nyumba inayotingishwa na barabara kila inapohama. Paa nyingi ni za tando la mpira, na viungo vyake huzibwa kwa gundi inayokauka na kupasuka kwa jua. Maji yakipata upenyo huingia kwenye plaiwudi na mbao za ukutani, zikaoza kimyakimya miaka miwili mitatu kabla ukuta haujavimba. Vali ya tangi la choo ikichoka hudondosha, na jirani yako yuko mita chache tu, anakula nje. Mpira wa bomba la gesi huzeeka. Hata tairi huoza kwa miaka ingawa kashata zake bado zimesimama, kwa sababu magari haya hukaa yameegeshwa zaidi ya yanavyotembea. Hofu hii ina msingi. Tatizo ni kwamba yote haya hutokana na matunzo zaidi ya mwaka. Gari la miaka minne lililoachwa kwenye jua la Florida bila mtu kupanda juu kukagua paa linaweza kuwa limeoza kuliko la miaka 20 ambalo mwenyewe hupaka gundi mpya kila anapoona ufa.

Ya tatu ni gari kutelekezwa. Mtu amekaa, kodi imemshinda, ameondoka usiku na kuliacha gari kiwanjani. Kulivuta kunahitaji gari kubwa la kuburuzia. Dampo hazilipokei bila karatasi za umiliki, na lazima livunjwevunjwe, matangi yatolewe, gesi itolewe. Mbao na fiberglasi iliyochakaa hainunuliwi kama chuma chakavu. Gari jipya mwenyewe hawezi kuliacha kirahisi, lina thamani na benki inalitafuta. La zamani lisilo na deni wala thamani ndilo linaloachwa. Kwa hiyo swali la mwaka huwa, kwa mwenye kambi, ni njia ya mkato ya kukadiria kama ataachiwa mzigo.

Ya nne ndiyo nzito, na ndiyo isiyotajwa sana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria za Marekani nazo zina siku yake ya jembe, ila hapa jembe hukabidhiwa mwenye kambi. California ni mfano mzuri: anayekaa kwenye kambi ya magari-nyumba hadi siku 30 ni mgeni, akizidisha siku 30 mfululizo anakuwa mpangaji, na akitimiza miezi 9 anahesabiwa mkazi mwenye ulinzi mkubwa zaidi. Mgeni akikorofisha unamwondoa haraka. Mpangaji mnaandikiana notisi, na akigoma mnapelekana mahakamani. Majimbo mengine yana mipaka yao tofauti.

Sasa nani anaishi miezi na miaka ndani ya gari-nyumba la zamani? Mara nyingi ni aliyeshindwa kodi ya nyumba: mstaafu mwenye pensheni ndogo, familia iliyohamishwa, mfanyakazi wa mkataba. Mwenye kambi hawezi kuandika "watu wa kipato cha chini hawapokelewi." Anaweza kuandika "magari yaliyozidi miaka kumi hayapokelewi." Sisemi kila mwenye kambi ana nia hiyo. Wengi wanapokea watu wa kila hali, na wengine wametiwa hasara kweli. Lakini ukiona kambi inamruhusu mwenye gari la 2005 alale usiku mmoja, halafu inamkatalia mwezi mmoja, ujue paa haliwasumbui. Gari ni lilelile. Kilichobadilika ni muda wa mtu.

Namba ya kumi imetoka wapi

Hapa linganisha na tarehe yenye maana. Kwenye nyumba za kiwandani, zile zinazosafirishwa kwa lori na kusimikwa kwenye viwanja vya kukodi, mara nyingi utasikia kwamba iliyojengwa kabla ya tarehe 15 Juni 1976 haipokelewi. Siku hiyo viwango vya serikali ya shirikisho vya ujenzi wa nyumba hizo vilianza kutumika: nyaya za umeme, kuta, njia za kutokea moto ukizuka. Kabla yake kila kiwanda kilijenga kivyake. Mstari huo una tukio nyuma yake, na unaweza kuutetea.

Miaka kumi ya kambi haina tukio kama hilo nyuma yake. Hakuna kiwango kinachokwisha muda siku gari linapotimiza mwaka wa 11. Magari-nyumba yana kiwango chake cha usalama wa moto, gesi na mabomba, kinachojulikana kama NFPA 1192, na yaliyoundwa na viwanda vilivyo kwenye chama cha watengenezaji hubandikwa nembo karibu na mlango. Nembo hiyo haiondolewi kwa sababu ya umri. Kumi ni namba ya mviringo inayokumbukika kwenye simu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na karani wa mapokezi hana muda wa kutoka nje kukitazama kidonda.

Ushahidi kwamba umri si hoja kamili uko kwenye misamaha yenyewe. Airstream, matela ya alumini yaliyopigwa ribiti, yanayotengenezwa tangu miaka ya 1930, mara nyingi hupokelewa yakiwa na miaka 40 au 50 na watu wakayazunguka kuyapiga picha. Kama sharti lingekuwa la usalama, tela la 1970 lisingekaribishwa kwa tabasamu huku la 2012 likigeuzwa getini.

Mwaka unahesabiwaje

Swali hili hupuuzwa, halafu huleta ugomvi. Kambi nyingi hutazama mwaka wa toleo ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza 2015 linaweza kuwa toleo la 2014, au hata la 2016, maana matoleo ya mwaka unaofuata huanza kuuzwa mapema. Njia ya kuhakiki ni namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17. Hesabu hadi ya kumi: E ni 2014, F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017, kisha I inarukwa, J ni 2018. Waliozoea magari ya Japani wasijaribu hili kwa gari la kwetu Afrika Mashariki, kwani namba za chesisi za soko la ndani la Japani hazifuati mpangilio huo.

Kuna mtego mwingine kwa yale yenye injini. Kampuni ya magari, kama Ford, huunda chesisi na injini, kisha kiwanda kingine, mara nyingi eneo la Elkhart, Indiana, hujenga nyumba juu yake. Chesisi inaweza kuwa ya 2014 na nyumba ikauzwa kama toleo la 2015. Namba ya chesisi itasema E huku kadi ikisema 2015. Mwaka mmoja huo unaweza kuamua kama unaingia au unageuza, kwa hiyo nenda na kadi mkononi.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Ni ubaguzi, washtaki." Sheria za haki za Marekani zinamlinda mtu kwa rangi yake, dini, asili ya taifa lake, na kwenye makazi pia jinsia, ulemavu na kuwa na watoto. Umri wa gari haumo. Lakini kama kambi inamtoa mtu mweusi kwa sababu gari lake ni la 2012 huku jirani mweupe wa 2009 akiachwa, hapo kinachobishaniwa si gari tena. Sharti likitumiwa kama kisingizio linakuwa kosa, na picha za magari mengine kambini ndizo zinazosaidia. Ninalisema hili kwa sababu wenzetu wengi huondoka kimya, bila hata kuchukua jina la aliyewakatalia.

"Kambi ya 55+ inakataa magari ya zamani." Hapana, 55 hiyo ni umri wa binadamu. Sheria inaruhusu jumuiya za makazi ya wazee kuhitaji kwamba wakazi wengi wawe na miaka 55 au zaidi. Gari lako linaweza kuwa jipya kabisa ukakataliwa wewe kwa kuwa una miaka 38.

"Magari ya zamani yanaunguza umeme wa kambi." Mara nyingi ni kinyume. Gari dogo la zamani hutumia soketi ya ampia 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 ukiifikisha mwisho. Magari makubwa ya kisasa yenye viyoyozi viwili au vitatu huchomeka kwenye ampia 50 yenye nyaya mbili za volti 120, jumla wati 12,000. Hatari ya gari la zamani iko kwenye plagi iliyoungua au waya uliounganishwa na fundi wa vichochoroni, na hilo unaliona kwa kutazama plagi, si kwa kuuliza mwaka.

"Bima ndizo zinazolazimisha." Huenda mwenye kambi mmoja mmoja ana mkataba wa namna hiyo. Lakini kambi zisizo na sharti hili nazo zina bima, tena pengine ziko barabara hiyohiyo.

"Hata hifadhi za taifa zinakataa." Hifadhi za taifa na za majimbo kwa kawaida hazikuulizi umri wa gari. Zinauliza urefu, kwa sababu njia na viwanja vingi vilichongwa zama za magari madogo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana, chombo chenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8 hakiruhusiwi kupita sehemu ya kati ya barabara ya Going-to-the-Sun. Mlima haujali kama gari ni la 1990 au la mwaka huu.

Pa kwenda

Turudi kwa muuguzi wetu. Wiki 13 ni siku 91, na hapo ndipo sharti linapouma. Kambi za umma zinalipokea gari lake bila neno, lakini nyingi huweka ukomo wa kukaa, na siku 14 ni ukomo wa kawaida. Kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali ya shirikisho inayohusika na ardhi, mtu huruhusiwa kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha ahame. Huwezi kufanya zamu za usiku hospitalini huku ukihamisha nyumba kila wiki ya pili. Arizona kuna nafuu moja: karibu na mji wa Quartzsite, idara hiyohiyo ina maeneo ya kukaa muda mrefu yaliyoanzishwa 1983, ambako kwa kibali kimoja unaweza kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Hawapangi watu kwa mwaka wa gari. Ila kiwanjani hakuna nguzo ya umeme wala bomba, ni jangwa, unajitegemea kwa sola na matangi yako.

Kwa kambi binafsi, namna ya kuuliza ina uzito. Ukiuliza "mnapokea gari la 2014?" jibu ni ndiyo au hapana. Ukituma barua pepe yenye picha za karibuni za pande zote nne, picha ya paa, risiti ya matengenezo, nakala ya bima, na barua ya mwajiri inayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, unamjibu mwenye kambi hofu zake kabla hajazitamka: gari halivuji, halitatelekezwa, na wewe una siku ya kuondoka. Kambi nyingi zenye kanuni hii huacha uamuzi kwa meneja, na kanuni hulegea zaidi msimu wa wastaafu unapokwisha, viwanja vikiwa vitupu. Omba jibu kwa maandishi. Ndiyo ya simu inaweza kugeuka hapana ukishafika getini saa mbili usiku, umechoka, na tela nyuma.

Na kwa anayetaka kununua, hesabu ifanywe kabla ya kusaini. Mikopo ya magari-nyumba Marekani huweza kufika miaka 15 au hata 20. Kwa kambi inayohesabu kumi, gari lako litaitwa la zamani ukiwa bado unalilipia. Mwaka 2021, watu walipokimbia hoteli na ndege kwa sababu ya korona, viwanda vilisafirisha magari-nyumba 600,240, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Yale ya toleo la mwaka huo yatatimiza miaka kumi mwaka 2031. Aliyekopa kwa miaka 15 atakuwa amebakiza mitano, na aliyekopa kwa 20 atakuwa nusu ya njia.